Bega la Mbuzi Alilokula Mjomba

Kwa waliokosa gazeti la wiki zilizopita nitasema kwa ufupi, maana sipendi kurudia mambo ya pangoni mara mbili.

Mwaka 1943, wakati wa vita, Naftali mpiga baragumu wa kijiji chetu cha Myamba alipiga baragumu alfajiri kuita watu kwenye msaragambo. Kwetu ukisikia baragumu la msaragambo huulizi. Unachukua jembe unakwenda kufanya kazi ya wote, iwe ni kuzibua mfereji au kuchimba ndiva ya kukusanyia maji. Asiyekwenda anatozwa faini na kusemwa mwaka mzima. Siku hiyo baba zetu walikuwa safarini gulioni. Tukaenda wasichana watatu: mimi Eliwaza, miaka kumi na mitano, Lydia wa jirani, miaka kumi na mitatu, na mdogo wake Rogathe, miaka kumi.

Hakukuwa na ndiva wala mfereji. Naftali alitutembeza siku mbili hadi kwenye pango, juu ya majabali yanayoangalia Makanya. Akatuambia vita vimeichoma dunia yote, tumebaki sisi. Tukakaa humo miaka minane. Lydia alikufa humo kwa homa. Mimi nilizaa humo. Mwaka huu mfugaji mmoja wa Kimaasai, jina lake Saruni, alipanda akitafuta mtamba wake aliyepotea, akatukuta. Naftali akakimbia.

Niliishia darasa la nne, mnisamehe. Naandika kwa sababu mna mabinti.

*

Nilipata kazi Same, kwa Hamisi mwenye hoteli ya chai karibu na stesheni. Nilikuwa naosha vikombe, na usiku tunalala chumba cha nyuma, mimi, Rogathe, na binti yangu Priska mwenye miaka sita.

Hamisi ni mtu wa mzaha. Siku ya kwanza nilimwuliza kwa siri kama Wajerumani wameshafika Makanya.

"Walifika," akasema. "Wakanywa chai, wakaondoka bila kulipa. Ukiwaona, nijulishe."

Wateja wakacheka. Mimi nilikaa wiki nzima nikiangalia mlango.

Priska alikuwa hajazoea mahali palipo wazi. Alikula chini ya meza, akacheza chini ya meza, na wateja wakazoea kumvutia miguu yao.

Jumanne, siku mbili kabla ya kesi, alikuja Ebenezer.

Ebenezer ni kaka yake Naftali. Ni mzee wa kanisa, mtu wa shati safi na sauti ya chini. Akaagiza chai, akanitazama nikimletea.

"Shikamoo," nikasema, maana ni mkubwa kwangu.

"Marahaba, shemeji."

"Mimi si shemeji yako."

"Utakuwa nani basi? Mwanamke amekaa na mdogo wangu miaka minane, amemzalia mtoto. Mtu huyo ana jina jingine?"

"Analo. Bwana Shauri analijua."

"Bwana Shauri si amesema wazee waamue kwanza?"

Hapo hakusema uongo. Bwana Shauri, yule ofisa Mzungu wa boma, alinisikiliza vizuri, akaandika karatasi mbili, halafu akasema mambo ya ndoa za wenyeji yaamuliwe na baraza la wenyeji. Baraza likisema nilikuwa mke, basi hakuna kesi ya wizi wa mtu, na mtoto ni wa ukoo wa mume. Ebenezer atamchukua. Likisema sikuwa mke, Priska ni wangu, na askari watapanda milimani kumsaka Naftali.

Na kumpa Ebenezer mtoto ni kumpa Naftali. Hilo hata Hamisi alilijua, na yeye hajui lolote la milimani. Miezi minne Naftali yuko mafichoni, hawezi kuwa anakula majani. Kuna mtu anampelekea chakula.

Ebenezer akainama kutazama chini ya meza. "Mtoto anakonda. Kwetu kuna maziwa. Priska, njoo umsalimu baba mkubwa."

Priska akanishika mguu.

"Kunywa chai yako uende," Hamisi akasema kutoka jikoni. "Hapa kwangu wateja hawaiti watoto wa watu."

Ebenezer akanywa chai yote, taratibu, mpaka majani ya chini. Akasimama.

"Alhamisi, shemeji. Na mjomba wako atakuwepo."

Nilifurahi. Huo ndio ujinga wangu. Nilifurahi kusikia mjomba atakuwepo.

*

Baba na mama walikufa nikiwa pangoni. Mtu niliyebaki naye ni Mjomba Eliamini, kaka yake mama. Niliporudi Myamba alinikumbatia mbele ya watu, akalia mpaka akakaa chini. Akachinja jogoo. Akaniambia, "Siku ya baraza nitasema mimi. Wewe usiogope."

Alhamisi asubuhi nilimkuta barazani ameshafika, amekaa benchi la kwanza, amevaa koti la marehemu baba. Nikamwamkia, akaitikia bila kuinua uso. Nikajiambia ni uchovu wa njia.

Hakimu alikuwa Mzee Athumani, mtu mfupi asiyependa maneno mengi. Karani wake, kijana anaitwa Eliufoo, aliandika kila kitu, hata watu wakikohoa nadhani aliandika. Hakimu alikuwa ameagiza mtoto aletwe. Priska alipoingia akatafuta meza, na meza ilikuwa moja tu, ya karani. Akaingia chini yake. Eliufoo akavuta miguu kama wateja wa Hamisi.

Ebenezer alisimama kwanza.

"Mzee, huyu ni mke wa mdogo wangu Naftali. Tumekuja kumchukua mtoto wetu. Mama yake akitaka kuja, mlango uko wazi."

"Mlitoa mahari?" Hakimu akauliza.

"Tulianza."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa mbuzi."

Nikainuka. "Mbuzi gani? Baba yangu hakupokea mbuzi wa mtu."

"Alimpokea," Ebenezer akasema. "Kwenye matanga yako."

Watu wakanong'ona.

Lazima niwaeleze. Tulipopotea miezi miwili, wazazi wetu waliamini tumekufa. Hapakuwa na mwili wa kuzika, kwa hiyo walifunga kipande cha mgomba kwa kanga yangu, wakakizika. Watu wakakaa matanga. Ndugu walileta mbuzi, majirani walileta mbuzi, na Ebenezer naye alileta mbuzi wake, akatoa pole kama wengine.

"Kila mtu alileta mbuzi siku ile," nikasema.

"Wangu alitolewa bega," Ebenezer akasema.

Hapo hata Hakimu aliinua macho.

Kwetu jirani akileta mbuzi wa matanga, nyama yote inaingia chunguni, watu wanakula. Lakini mkwe akileta mbuzi, bega la kulia linatolewa kabla ya kupikwa, linapelekwa kwa mjomba wa binti. Mjomba akilipokea na kulila, amesema bila kufungua mdomo kwamba huyu ni mkwe wetu, na marehemu alikuwa mke wa mtu. Bega hilo haliliwi na mwingine. Hata mtoto wa miaka mitano analijua.

Hakimu akageukia benchi la kwanza.

"Mzee Eliamini. Bega la mbuzi wa Ebenezer, nani alilila?"

Mjomba alisimama. Koti la baba lilikuwa kubwa kwake.

"Nililila mimi."

"Kwa makosa?"

Akavuta mikono ya koti. "Mtu hali bega kwa makosa."

Sikungoja kuruhusiwa. "Mjomba, ulijua niko hai?"

"Nilijua una mume."

"Mama alinyoa nywele. Mama alizika mgomba, mjomba. Na wewe ulikuwa pale umeshika jembe, unafukia."

"Eliwaza." Alisema jina langu kama mtu anayeumwa jino. "Ebenezer aliniambia Naftali amekuchukua, mambo yatasemwa baada ya mavuno, ataleta yaliyobaki. Nikasema sawa, mama yako alie kidogo, baadaye atacheka. Mavuno yakapita, hakuja. Mwaka ukapita. Mtu akishanyamaza mwaka mzima anaanzia wapi kusema?"

Nilitaka kumrukia. Lakini maneno hayo ya mwisho yalinichoma mahali pengine, na mtaona kwa nini.

Mama unayesoma hapa, binti yako akipotea, usimtazame mgeni tu. Tazama ni nani kati ya ndugu zako analia huku ameshiba.

*

Hakimu alizungumza na wazee wawili waliokaa naye. Halafu akasema polepole ili karani asipitwe.

"Bega limeliwa, na aliyelila amekiri. Kwa hiyo huyu binti ni mke. Lakini liko jambo moja. Bega halimfungi binti aliyewekwa kwa nguvu au kwa uongo. Kama alijua anaweza kurudi kwao, akakaa, amekubali. Kama hakujua, hakukubali. Basi. Nataka mtu wa kuniambia alijua au hakujua."

"Yupo," nikasema. "Rogathe."

Rogathe sasa ana miaka kumi na minane. Tulilala mkeka mmoja miaka minane. Same, treni ilipopiga honi mara ya kwanza, alipiga magoti katikati ya barabara, kwa sababu Naftali alituambia sauti ile ni tarumbeta la malaika. Vijana wa stesheni walimcheka wiki nzima. Alipoteza dada pangoni. Na bado asubuhi ile ndiye aliyenisuka nywele, akaniambia, "Leo tunarudi na Priska. Usinywe maji mengi, utakojoa njiani."

Alisema vizuri kuliko nilivyotarajia.

"Hatukujua, Mzee. Tuliamini dunia imeungua. Tulikuwa tunaombea wazazi wetu kama marehemu, kama wao walivyokuwa wanatuombea sisi."

"Nani aliwaambia imeungua?"

"Naftali."

"Na mkamwamini miaka yote minane?"

"Mwanzoni. Baadaye mimi na dada yangu Lydia tukaanza kuwa na shaka. Ndipo Naftali akasema, basi nimtume mkubwa wenu apande juu ya jabali, atazame mwenyewe. Akamtuma Eliwaza. Eliwaza akarudi akasema bado inaungua." Akanishika mkono. "Naftali tulikuwa hatumwamini tena, Mzee. Tulimwamini Eliwaza."

Hakimu akanigeukia.

"Binti. Ulipanda. Uliona nini?"

*

Wasomaji, wiki tatu zilizopita niliwaandikia kwamba siku ile nilipanda jabali nikaona nchi imefunikwa na moto, nikateremka nikilia. Niliwadanganya. Niliwadanganya ninyi kama nilivyowadanganya wao.

Niliona treni.

Ilikuwa mchana, jua kali, hakuna wingu. Tambarare ya Makanya ilikuwa pale chini, imetulia, haina kovu lolote. Treni ilikuwa inapita kuelekea Tanga. Nilihesabu mabehewa kumi na moja. Kando ya reli ng'ombe walikuwa wanakwenda kunywa maji, wadogo kama punje za mtama.

Nilipogeuka, Naftali alikuwa amesimama ukingoni mwa jabali amembeba Priska. Priska alikuwa hajatimiza mwezi. Hakunitisha kwa neno. Aliuliza tu, "Umeona nini, Eliwaza?" Huku anamhamisha mtoto kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, ule wa upande wa korongo.

Nikasema, "Nchi inaungua."

Hiyo ni siku moja, na mama yeyote atanisamehe. Sikilizeni sasa ile ambayo sitasamehewa.

Priska alikua, akaacha kubebwa. Naftali alikuwa anaondoka siku mbili, siku tatu, kutafuta chakula, anatuacha peke yetu. Ningeweza kusema. Ningesema, "Rogathe, Lydia, inukeni tuteremke, chini kuna treni." Sikusema. Maana wangeniuliza, umejua tangu lini?

Kwa hiyo nilipomtazama mjomba wangu pale barazani nilimjua vizuri sana. Mimi na yeye ni damu moja.

Karani Eliufoo alikuwa amechovya kalamu, anangoja. Nikisema treni, nilijua, nikakaa, ni mke, mtoto amekwenda. Nikisema moto, mtoto ni wangu.

"Niliona nchi inaungua," nikasema.

Hakimu akaitikia kwa kichwa. "Andika."

Kalamu ikaanza kukwaruza. Ebenezer, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alitazama viatu vyake. Rogathe akanibana vidole. Nikaanza kufikiria nitampikia Priska makande ya maharage yale makubwa, na Hamisi atasema nini.

"Mama," Priska akaita kutoka chini ya meza.

"Nyamaza, mwanangu. Tunamaliza."

"Lakini si uliona treni?"

Kalamu ikasimama.

Siku tulipoteremka Same, treni ilipita, Priska akapiga kelele mpaka akakosa pumzi. Nikambeba nikamwambia asiogope, mama aliiona zamani kutoka juu ya jabali, yeye akiwa mchanga, wala haiumi. Nilidhani ni maneno ya kumbembelezea mtoto, yatapita.

Hakimu aliinama mpaka kichwa chake kikawa sawa na meza. "Mjukuu wangu, mama aliiona treni lini?"

"Nilipokuwa mchanga," Priska akasema. Alikuwa anajivuna kidogo, maana hakuna mtu mzima aliyewahi kumwuliza kitu mbele za watu. "Alisema haiumi."

Ebenezer aliacha kutazama viatu vyake.

Rogathe akatoa mkono wake mkononi mwangu. Hakuuchomoa kwa nguvu. Aliutoa tu, kidole kimoja kimoja, kama unavyotoa mkono kwenye kitu kinachonata.

"Lydia ndiye aliyemfundisha Priska kutembea," akasema. Hakuwa anasema na mimi. Alikuwa anasema na ukuta.

"Rogathe."

"Alikuwa anamshika vidole hivi, anarudi nyuma." Akaonyesha. "Alikuwa mzima kabisa. Halafu homa ikaja. Nikakuuliza kama hakuna dawa mahali popote. Ukaniambia hospitali zote zimeungua. Ni wewe uliniambia, Eliwaza. Naftali hata hakuwepo siku hiyo."

"Ningekueleza."

"Lini?"

Nilikuwa nimekaa miaka sita natafuta jibu la neno hilo moja.

"Binti, kaa chini," Hakimu akamwambia.

Rogathe hakukaa. Akafuta uso kwa upindo wa kanga, akasimama wima.

"Mzee, naomba maneno yangu yafutwe."

"Yapi?"

"Yote niliyosema kwa ajili yake."

Nje mtu alikuwa anafukuza kuku. Karani akamtazama Hakimu. Hakimu akawatazama wale wazee wawili. Hakuna aliyekuwa anamwangalia Ebenezer, isipokuwa mimi.

Alikuwa ameshapiga magoti kwenye sakafu, na shati lake safi, ameingiza mkono chini ya meza. Alikuwa anamnong'oneza mtoto. Mimi nilikuwa karibu, nikayasikia yote.

"Twende, Priska. Baba yako yuko nyumbani kwangu. Anakungoja tangu juzi."

Na Priska, ambaye alikuwa ananiuliza kila asubuhi baba amekwenda wapi nami nikimwambia ale uji, akautoa mkono wake mdogo akaushika ule mkubwa.

"Mzee," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Naftali yuko nyumbani kwa huyu. Amemwambia mtoto sasa hivi. Nimesikia kwa masikio yangu. Tuma askari leo utamkuta."

Ebenezer akainuka, anapangusa vumbi magotini, Priska pembeni yake. "Shemeji ana uchungu," akasema kwa upole. "Tumwelewe."

Hakimu alinitazama kama mtu anavyomtazama aliyemdanganya sasa hivi. Halafu akamtazama karani Eliufoo, ambaye alikuwa ameinua kalamu, hajui la kufanya.

"Hilo usiandike," akasema.